Mashine Isiyojua Kuamkiwa

Sharifu Shekalaghe hana subira, na hajawahi kudai kwamba anayo. Ukimpelekea simu kwenye kibanda chake nyuma ya soko la Lushoto, usimsimulie ilivyokuponyoka, ulikuwa unatoka wapi na nani aliyekupiga kikumbo. Iweke mezani, sema haiongei au haisikii, uende zako. Ukianza hadithi atakusonya, na msonyo wake unafika mpaka kwa wauza mitumba. Wapo walioapa kwamba hawarudi tena kwake. Wamerudi, maana simu ikitoka pale inafanya kazi.

Tabia hiyo hakuipata ukubwani. Alipokuwa shule ya msingi huko kwao Shume alichapwa kwa kumwambia mwalimu kwamba swali lake ni refu kuliko jibu. Baadaye akaenda Tanga kusomea kompyuta, akapata kazi hukohuko, akaiacha kabla watu hawajamzoea. Ukimuuliza sababu atakwambia joto. Mkewe, Rahma, anasema si joto, ni mikutano. Kila jambo la nusu saa lilifanyiwa mkutano wa nusu siku, na siku moja Sharifu akasimama katikati ya mkutano, akachukua begi lake na kupanda basi la kurudi milimani.

Sasa mtu wa namna hiyo, nani alimtuma akubali kazi ya kamati?

Ilianza na gari. Kule Kwemtindi, kijiji cha wakwe zake, watu wanalima kabichi na karoti, na kila Jumatatu lori moja, fuso, hupanda kuja kuchukua mzigo wa kupeleka Tanga. Dereva wake, Emanueli, alikuwa hajui nani amevuna na nani hajavuna. Kwa hiyo kila mkulima alimpigia simu, na wote walimpigia asubuhi ileile, yeye akiwa kwenye kona za kupanda kutoka Mombo, upande mmoja mwamba na upande mwingine korongo. Emanueli akasema wazi kwamba hataki kufa kwa ajili ya karoti za mtu. Kamati ya wakulima ikamwendea Sharifu: wewe ni mkwe wetu na una kompyuta, tufanyie mpango.

Sharifu alifanya mpango, na ulikuwa mzuri. Mkulima anatuma meseji kwenye namba moja, hata kwa kitochi, simu ndogo ya vitufe. Kompyuta ndogo pale kibandani inaisoma, inajumlisha, kisha inamtumia Emanueli meseji moja tu akiwa bado Lushoto: simama wapi, pakia nini, magunia mangapi. Meseji ya mkulima ni maneno matatu, mahali, zao na idadi. Msikitini kabichi 12. Basi! Sharifu alipomaliza aliuangalia mpango wake kama mtu anavyoangalia mtoto wake wa kwanza.

Jumatatu ya kwanza meseji zikaingia.

"Shikamoo mjomba. Habari za Lushoto? Huku hatujambo ila bibi mguu unamsumbua. Mvua imetusaidia. Nina karoti hapa njia panda, magunia ni sita kama sikukosea. Wasalimie wote."

Kompyuta ilichukua neno la kwanza, ikatafuta katika vituo vyake vyote mahali panapoitwa Shikamoo, haikupaona, ikaitupa meseji. Iliyofuata ilianza na Bwana Asifiwe. Hapo napo hapakuwa kituo cha gari. Nyingine ilianza na Asalamu aleikum, nyingine na pole kwa msiba wa jirani, na moja iliuliza kwanza kama namba hii ni ya Sharifu fundi au Sharifu wa mashine ya kusaga. Zote zikatupwa. Iliyopita ilikuwa ya Alen, katibu wa kamati, peke yake. Emanueli akaambiwa apakie magunia manne ya Alen. Akapanda mlima, akapakia manne, akashuka.

Siku tatu baadaye Sharifu alikuwa amekaa kwenye dawati la darasa la nne, shuleni Kwemtindi, magoti yakigusa kidevu, ndani ya mkutano. Aliwaeleza kwa upole, kwa kipimo chake cha upole, kwamba ile ni mashine. Haina masikio, haina bibi, haiumwi mguu. Hakuna haja ya kuisalimia.

Kisha akasimama mama mkwe wake.

Mariamu, mama yake Rahma, alizaliwa Vuga, na mtu wa Vuga hakuachi usahau kwamba kwao ndiko walikokaa wafalme wa Wasambaa. Salamu kwake si pambo la maneno. Mtoto akipita mbele yake kimya anarudishwa alikotoka apite upya. Kwa heshima ya ukwe hakumtazama Sharifu wala hakumsemesha mbele za watu, ingawa dawati lake lilikuwa la pili tu kutoka la mkwewe. Alijifunga vizuri mtandio, akamgeukia mwenyekiti, Mzee Amiri.

"Mwenyekiti, naomba uniulizie kwa mkwe wangu. Hii meseji nikiituma, mwisho inafika kwa nani?"

"Inafika kwa dereva," Sharifu akajibu, naye akimtazama Mzee Amiri.

"Mwambie nimesikia. Sasa dereva si mtu? Mimi nimfuate mtu na shida yangu, nianze na kabichi, kama nimekutana na mwizi wangu? Hiyo kwetu hatukufundishwa. Kama gari haliwezi kuja mpaka nikose adabu, basi lisije."

Watu wakapiga makofi. Sharifu akasonya, lakini ndani kwa ndani, kwa sababu mama mkwe ni mama mkwe.

Hapo ndipo kamati ilipoingia kazini, na Mungu akuepushe na kamati yenye nia njema. Alen akapendekeza kwamba, ili kuondoa mgogoro, salamu iwe sehemu rasmi ya meseji, na kila salamu ipewe namba yake. Wazo likapokewa kwa furaha. Shikamoo iwe moja. Walutheri wakataka yao iwe ya pili, Wakatoliki wakauliza kwa nini wao wawe wa mwisho, Waislamu wakasema hawagombei nafasi ila ijulikane kwamba wao ndio wengi. Kisha mtu wa nyuma akauliza swali ambalo ningemfukuzia nje: shikamoo ni ya kumwamkia mkubwa, je, mashine ina umri gani? Mzee wa miaka sabini ataiamkiaje mashine iliyonunuliwa mwaka jana?

Waliijadili, wallahi. Waliijadili mpaka jua likahama dirisha. Mzee Amiri akatoa uamuzi kwamba mashine ni ya Sharifu, kwa hiyo ihesabiwe rika la Sharifu. Walio wadogo kwake waandike moja, walio wakubwa waandike tano, yaani habari za kazi.

Na mlango ukishafunguliwa kwa mmoja, wote wanaingia. Mnunuzi wa kule Tanga, anayelilipia gari, alikuwa ameomba kutajiwa aina ya kabichi, ikaongezwa. Dereva aliwahi kulalamikia utelezi, ikaongezwa hali ya barabara, kwa namba, kavu moja, tope mbili, tope baya tatu. Likaongezwa jina la balozi wa nyumba kumi. Likaongezwa swali kama gunia ni la kawaida au ni lumbesa, lile linaloshindiliwa mpaka linaota kichwa. Kila aliyesimama aliongeza kitu, na kila kitu, ukikisikiliza peke yake, kilikuwa na maana. Hicho ndicho kilichomtia Sharifu wazimu. Hapakuwa na mjinga mle ndani hata mmoja, na bado ujinga ulikuwa unajengwa mbele ya macho yake, tofali kwa tofali.

Angeweza kukataa. Badala yake alifanya kitu ambacho watu wa hasira wanakijua sana. Alisema, "Mnataka hivyo? Mtapata hivyo."

Akaenda akaandika programu yote kama walivyosema, bila kupunguza wala kuuliza. Meseji ikawa na sehemu kumi na moja, kila moja mahali pake, na ikikosekana moja tu mashine inatupa yote. Akaandika maelekezo kwenye karatasi kubwa, wakayabandika ukutani pale shuleni. Rahma alipouona mpango huo alimwambia mumewe, "Hii umewatengenezea au umewakomoa?" Sharifu akasema kamati imeamua. Lilikuwa jibu la mtu wa ofisini, lile lililomfanya aikimbie Tanga, na alipolisikia likitoka kinywani mwake alijichukia kidogo. Lakini hakubadili kitu.

Jumatatu iliyofuata mvua za masika zilikuwa zimekolea. Wakulima waliamka mapema, wakasimama mbele ya karatasi ile na vitochi mikononi, wakikodoa macho. Mmoja aliweka namba ya salamu mahali pa magunia, akawa ana gunia moja la karoti badala ya tisa. Mwingine hakujua balozi wake ni nani baada ya uchaguzi. Mama Rahma aliandika zote kumi na moja kwa mpangilio, pole pole, neno kwa neno. Kisha, kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, mwishoni akaongeza "asante sana baba, Mungu akubariki." Hiyo ikawa sehemu ya kumi na mbili. Mashine ikaitupa.

Kabichi zake zilikuwa zimeshakatwa na kuletwa barabarani. Kabichi ukishaikata huna tena mazungumzo nayo. Emanueli alifika na orodha ya watu watatu, akapakia, na waliobaki walipomzonga akawaambia mnunuzi amemkataza kupakia kitu kisicho kwenye meseji. Gari likashuka na nafasi tupu inayotosha kucheza mpira. Mzigo ukabaki unanyeshewa. Jioni mnunuzi akapiga simu kutoka Tanga na kusema maneno machache, na Sharifu, ambaye siku zote anapenda maneno machache, haya hakuyapenda: Jumatatu ijayo gari likirudi hivi tena, halipandi Kwemtindi. Litakwenda Mlalo.

Sharifu akakasirika na kila mtu. Alikasirika na Alen na namba zake, na Mzee Amiri na rika la mashine, na mnunuzi, na mvua. Kesho yake, siku nzima, alifungua simu za watu na kuzifunga kwa nguvu. Rahma alikuja kibandani na chakula, akakaa kwenye kiti cha wateja, na simu yake ikalia. Ilikuwa meseji ya mama yake. Akaisoma, akacheka kidogo, akaiweka chini.

"Anasemaje?"

"Anataka nimtumie dawa ya kuku."

Sharifu akaichukua ile simu. Meseji ilijaa kioo na kukishinda. Ilianza na salamu, ikauliza hali ya mkwe, ikauliza watoto mmoja mmoja kwa majina, ikaeleza habari za umande, ikamwombea jirani, na katikati huko, kama punje kwenye pishi ya pumba, dawa ya kuku.

"Umeionaje haraka hivyo?"

Rahma akamtazama kama anayemtazama mgonjwa. "Mume wangu, mtu akikusalimia unazikagua salamu? Si unaziacha zipite, unasikiliza anachotaka."

Sharifu akaacha kula. Alikumbuka gulio la Lukozi, wanawake wawili wakipokezana onga mshi na niwedi, salamu za Kisambaa, ndefu mpaka unachoka kusimama, huku mikono yao ikipimiana viazi bila kukosea hata kimoja. Salamu hazikuwahi kuichelewesha biashara. Aliyetaka kila neno liwe na kazi yake na mahali pake ni yeye, tangu siku ile ya maneno matatu. Kamati ilichokifanya ni kuikuza kasoro yake mpaka ikawa na sehemu kumi na moja. Iliuma kuliko alivyotarajia.

"Ningekuwa na akili ningekuoa mapema zaidi," akasema.

"Kula kwanza," Rahma akamwambia.

Programu mpya ilikuwa fupi kuliko zote. Mahali hapakuhitaji kuandikwa kabisa, kwa sababu kila namba ya simu inajulikana ni ya nani na anakaa wapi. Mashine inatafuta jina la zao na idadi, popote vilipo ndani ya meseji, iwe tarakimu au maneno. Isichokijua isikiguse wala kukitupa. Ikiache kama kilivyo, imtumie dereva meseji nzima chini ya hesabu yake. Anayetaka kutaja aina ya kabichi aitaje, anayetaka kusema barabara ina tope aseme kwa maneno yake, na asiyetaka asilazimishwe. Kesho wakianza kulima kitu ambacho leo hakipo, wataongeza jina lake tu, na meseji za zamani zitaendelea kufika.

Kulikuwa na mstari mmoja tu uliomtatiza. Meseji isiyo na idadi ya zao, yaani salamu tupu, aliandika ifutwe. Rahma akaliona hilo akiwa amesimama nyuma yake.

"Kwa nini ufute?"

"Rahma, gari halibebi salamu."

"Na wewe unajuaje ndani ya salamu kuna nini?"

Akasonya. Akamwambia kwenye mambo ya kazi ampe nafasi. Akamweleza kwamba Emanueli ni dereva, si mchungaji wa kusomewa maombi ya kijiji kizima. Kisha, kwa kuwa alikuwa amechoka na Rahma hakuondoka, akaufuta ule mstari kwa hasira. "Haya, zipite zote! Asome mwenyewe!"

Kamati ilikuja Jumapili. Alen alikuwa na nyongeza moja ndogo tu, namba ya uanachama, ambayo kila mtu angelazimika kuanza nayo kwenye meseji. Ndogo tu. Mzee Amiri akasema ni wazo zuri. Sharifu akavuta pumzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Si tulishasalimiana?"

"Narudia, kwa sababu nataka kukukatalia, na nisingependa ionekane sina adabu. Anayetaka kuandika namba yake aiandike. Kumlazimisha mtu, hapana. Mkilazimisha kitu kimoja, mimi kazi hii siifanyi, mtafute fundi mwingine."

Alen akatoa macho. Mzee Amiri akasugua kidevu, akasema kwamba kijana ana maneno makali lakini amesalimia vizuri, na jambo hilo liahirishwe. Sharifu hajawahi kusikia neno tamu kama liahirishwe.

Jumatatu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Meseji ziliingia na shikamoo zake, na miguu ya bibi, na pole za misiba, na mashine ikachambua, sita karoti, kumi na mbili kabichi, tisa karoti. Gari lilikuwa linajaa kwenye kioo cha kompyuta. Sharifu akatoka kibandani, akaenda stendi kumwona Emanueli kwa macho yake kabla hajaondoka. Alimkuta ndani ya fuso, injini inanguruma, hajaondoka, anasoma simu.

"Fundi, njoo usome hii."

Ilikuwa chini kabisa, baada ya hesabu zote, pale penye meseji zisizo na idadi ya zao. Palikuwa na moja tu.

"Habari za asubuhi baba dereva. Umeamkaje, na mama watoto hajambo? Poleni na mvua. Mimi leo sina mzigo, kabichi zangu za wiki ile zimeoza zote na zilizobaki shambani bado changa, kwa hiyo usisimame kwangu utachelewa bure. Ila nimetoka kuswali nimeona daraja la miti la bondeni limechukuliwa na maji. Ukija kwa njia ile utaingia mtoni, ukungu ni mzito hutaona kitu. Zunguka kwa juu, kwenye mashamba ya misonobari. Mungu akutangulie. Ni mimi Mama Rahma."

Emanueli alifuta kioo cha simu kwa shati ingawa hakikuwa na kitu. "Mimi huwa ninaliingia lile daraja kwa kasi," akasema, "ili nipate nguvu ya kupanda ule upande wa pili."

Alizunguka kwa juu. Sharifu alipanda naye, maana hakuweza tena kukaa kibandani. Walipakia kila kituo, lumbesa juu ya lumbesa, mpaka turubai likakataa kufungika, na mnunuzi akapigiwa simu hapohapo ili asikie mwenyewe kelele za watu. Hakuna aliyetaja Mlalo tena. Mzee Amiri akataka kuhutubia.

Sharifu akawaacha, akashuka kwa miguu mpaka kwa wakwe zake. Hakuingia ndani. Alisimama uani, akabisha hodi. Mama Rahma alikuwa zizini, anamtupia ng'ombe majani ya kabichi zilizooza, rundo lililomfikia kiunoni, na harufu yake ilimpiga Sharifu usoni. Alipomwona akanawa mikono, akajitanda mtandio, akasimama kando, macho chini kama inavyotakiwa.

"Karibu baba. Mmeshindaje huko?"

"Tumeshinda salama, mama."

"Rahma hajambo?"

"Hajambo."

"Watoto?"

"Hawajambo wote."

"Kazi zinakwendaje na mvua hii?"

"Zinakwenda, mama."

"Na gari? Limejaa?"

"Limejaa, mama. Limejaa kabisa."

"Alhamdulillahi," Mama Rahma akasema, na uso wake ukafunguka kwa furaha ya kweli. "Basi nimefurahi. Watu wamepata."

Sharifu alisubiri aseme jingine, la kabichi zake zilizooza. Alikuwa amejiandaa kulisikia tangu alipoteremka mlima, na maneno ya kujitetea alikuwa nayo, kamati, mnunuzi, namba za Alen. Mama Rahma akaokota kabichi nyingine, akaitazama pande zote mbili kama kuna sehemu ya kuokoa, akamrushia ng'ombe.